KOBE ANATAKA JUA, NA ANATAKA KIVULI PIA

Katika Garissa, Wajir na Mandera, na katika vijiji vilivyo kando ya Mto Tana, mara nyingi watoto wanaochunga mbuzi hurudi jioni na kobe mkononi. Kobe si mnyama wa hatari. Hana mbio, haumi kwa kawaida, wala hapigi kelele. Basi mtoto humtia katika katoni, akaiweka chini ya kitanda au jikoni, na kila siku humpa ugali na kipande cha mkate.

Juma la kwanza kobe hutembea-tembea akitafuta njia ya kutoka. Juma la pili hukaa kimya. Baada ya miezi michache macho yamefumba na kuvimba, miguu haiwezi kuinua mwili, na ukibonyeza gamba lake kwa kidole waona limelegea kama ngozi iliyolowa maji. Halafu hufa, na watu husema, "Labda alikuwa mzee." Lakini kobe mwenye madoa wa nchi yetu, yule ambaye Wasomali humwita diin, huweza kuishi zaidi ya miaka 50. Huyu hakufa kwa uzee. Amekufa kwa kukosa jua.

Katika ukurasa huu tutaeleza kwa nini mnyama huyu hana budi kupata mwanga na joto, kila kimoja kwa kadiri yake, na namna ya kumpatia vyote viwili. Hapa kwetu, ambako jua ni jingi kuliko kitu chochote, shida si kulipata jua bali ni kulitumia vizuri.

KWANZA, SHERIA

Kabla ya kusoma habari za taa na kivuli, fahamu neno hili. Kobe wa porini ni mnyamapori, kama twiga na hirola. Kwa Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, huna ruhusa kumchukua porini na kumweka nyumbani bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, yaani KWS. Huwezi kusema, "Ni mnyama mdogo tu." Sheria haipimi ukubwa wa mnyama. Mwezi wa Mei 2025 mahakama ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta iliwatoza watu wanne faini ya shilingi milioni 1 kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, kwa ajili ya sisimizi waliotaka kuwatoa nchini. Ikiwa sisimizi wana sheria, kobe hakosi kuwa nayo.

Na sababu ya sheria hiyo ipo. Yuko kobe mmoja mdogo mwenye gamba bapa na jepesi, akaaye katika nyufa za miamba ya Kitui na Tharaka, jirani zetu wa upande wa magharibi. Kobe huyo hupatikana Kenya, Tanzania na sehemu ndogo ya Zambia, wala hakuna nchi nyingine duniani aliye na kwao. Kwa miaka mingi watu walimkusanya na kumuuza ng'ambo, apate kukaa katika masanduku ya kioo. Jike wake hutaga yai moja tu kwa mara moja, kwa hiyo waliochukuliwa hawakurudishwa upesi na uzazi. Mwaka 2019 mataifa ya mkataba wa CITES yalimtia katika orodha ya kwanza, yaani orodha ya wanyama ambao biashara yao kati ya nchi na nchi imekatazwa.

Watu wa Garissa si wageni katika kazi ya kulinda wanyama. Huko Ijara, wenyeji wa Ishaqbini wametenga ardhi yao kwa ajili ya hirola, na karibu na mji wa Garissa, pale Bour-Algi, twiga hutembea karibu na mifugo ya watu bila kusumbuliwa. Kobe naye astahili heshima hiyo hiyo.

Kwa hiyo maelezo yafuatayo ni kwa aliye na kibali, kama vile shule, hifadhi, au mfugaji aliyeruhusiwa. Na kwa yule ambaye amemkuta kobe aliyeumia na anangoja watu wa KWS waje. Tena ni kwa ndugu zetu walio nchi za baridi, ambako kobe wa maji huuzwa madukani kwa ruhusa.

MWILI USIO NA MOTO WAKE

Mbuzi, ngamia na mwanadamu wana moto ndani ya miili yao. Chakula tunachokula huwa kama kuni, na mwili hukaa na joto lile lile, kukiwa baridi au kukiwa na jua. Kobe sivyo alivyoumbwa. Joto lake hutoka nje. Asubuhi kukiwa na baridi yeye ni baridi. Jua likimpiga hupata moto, na ndipo huanza kutembea na kula.

Na si miguu tu inayongoja jua. Tumbo lake pia hungoja. Kobe aliyekula majani akawekwa mahali pa baridi hawezi kuyasaga. Majani hukaa tumboni na kuoza. Hata nguvu ya mwili ya kupigana na magonjwa hupungua. Ndiyo maana kobe wa mahali pa baridi hutokwa na kamasi puani, akapumua kwa kinywa wazi, na mwisho hufa kwa ugonjwa wa mapafu.

Mfugaji wa kuku atalielewa jambo hili upesi. Vifaranga wa siku moja hawana manyoya ya kuwatia joto, na katika juma la kwanza wahitaji joto la digrii 32 hadi 35 za sentigredi. Mfugaji hodari hawatazami vifaranga mara moja akaenda zake. Wakijikusanya pamoja chini ya taa, ajua kuna baridi; wakikimbilia pembeni wakitweta, ajua joto limezidi. Kobe naye husema kwa namna yake, ila husema polepole, na mtu asiyetazama hatamsikia.

JOTO NI KITU KIMOJA, MWANGA NI KITU KINGINE

Hapa ndipo watu wengi wakosapo. Hudhani kwamba nyumba ikiwa na joto kobe ametosheka. Nyumba ya mabati ya Garissa wakati wa adhuhuri ina joto la kupita kiasi, na hata hivyo kobe aliye ndani yake hulegea gamba. Kwa nini?

Katika mwanga wa jua kuna mionzi ya namna nyingi. Mingine twaiona kwa macho, nayo ndiyo inayotuonyesha njia. Mingine hatuioni, bali twaihisi kama joto. Na iko mingine ambayo hatuioni wala hatuihisi, inayoitwa UVB. Hiyo ikigusa ngozi ya kobe, mwili hutengeneza vitamini D. Bila vitamini D, chokaa iliyo katika chakula, yaani kalsiamu, hupita tumboni na kutoka nje bila kuingia katika mifupa. Gamba la kobe ni mfupa uliofunikwa na kitu kama kucha. Mwili unapokosa chokaa huichukua ile iliyomo katika mifupa na gamba, kama mtu anayebomoa ukuta wa nyumba yake apate kuni. Basi gamba hulegea, taya hupinda, na miguu huvunjika kwa jambo dogo.

Jambo hili si geni kwa wanadamu. Mtoto mchanga anayefungiwa ndani mwaka mzima, asione jua, huweza kupata matege kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa pima kila kitu kwa kanuni hii:

Chumba chenye giza chini ya mabati kina joto, lakini hakina UVB.

Dirisha la kioo hupitisha mwanga na joto, lakini kioo cha kawaida huzuia UVB karibu yote. Kobe aliyewekwa dirishani huoka kwa joto na bado akakosa vitamini D.

Balbu ya zamani yenye waya ndani hutoa joto na mwanga, lakini haitoi UVB ya kumfaa kobe.

Taa za siku hizi za LED, zilizomo nyumbani mwetu na katika taa ndogo za sola, hutoa mwanga mzuri wa kusomea. Joto lake ni kidogo sana, na UVB hazina.

Jiko la makaa hutoa joto tu. Tena katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu ambayo haina harufu. Hewa hiyo huua watu wakiwa usingizini. Usiweke jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa kwa ajili ya kobe, wala kwa ajili ya vifaranga, wala kwa ajili yako mwenyewe.

Jua lenyewe, bila kioo katikati, hutoa vyote vitatu kwa pamoja, na halina bei.

JUA LA GARISSA

Mji wa Garissa uko kusini kidogo ya ikweta, umbali usiofika nusu digrii. Maana yake ni kwamba mwaka mzima jua hupita karibu na utosi, na mionzi yake hufika ardhini ikiwa na nguvu. Serikali yenyewe imelitumia jua hilo: mtambo wa umeme wa jua wa Garissa, uliofunguliwa mwezi wa Desemba 2019, ulijengwa kwa nguvu ya megawati 50. Jua linaloweza kuwasha taa za nyumba nyingi hivyo halishindwi kutengeneza gamba la kobe mmoja. Anayefuga kobe Garissa hahitaji kununua taa yoyote.

Lakini jua hilo hilo laweza kumuua kwa muda mfupi. Joto la mchana hapa kwa kawaida hufika digrii 34 au 35 kivulini, na mwezi wa Machi, kabla ya mvua za masika ambazo Wasomali huziita gu', huzidi. Hiyo ni hewa ya kivulini. Mchanga mtupu unaopigwa na jua saa saba mchana huweza kupita digrii 50. Mwili wa kobe ukipita digrii 40 hivi, yu karibu na kufa. Porini hujua la kufanya: kabla jua halijawa kali huingia chini ya kichaka au katika shimo la mnyama mwingine, akakaa humo hadi jioni. Kobe aliyefungwa kamba mguuni, au aliyetiwa katika ndoo iliyoachwa uani, hana pa kukimbilia. Huyo huoka ndani ya gamba lake.

Kwa sababu hiyo, kazi ya kwanza ya mfugaji wa huku ni kumjengea kobe wake kivuli.

NAMNA YA KUFANYA UA WA KOBE

1. Chagua mahali panapopata jua la asubuhi, upande wa mashariki wa nyumba, na ambapo nyumba au mti hutoa kivuli mchana. Mahali pawe juu kidogo, maji ya mvua yasituame.

2. Zungushia ukuta wa mawe, matofali au mbao, wenye kimo cha sentimita 45 au zaidi kwa kobe mkubwa. Chimbia sentimita 20 ardhini, maana kobe huchimba. Usitumie waya wa matundu peke yake: kobe akiona nje husukuma kutwa nzima mpaka akajiumiza. Matawi ya mathenge, ule mti ulioletwa Kenya katika miaka ya 1970 na sasa umejaa kila mahali, yafaa kuzungushwa kwa nje yazuie mbwa na fisi. Lakini yasiwe ndani, kwa sababu miiba yake ni mikali.

3. Nusu ya ua iwe wazi kwa jua. Nusu ya pili iwe na kivuli mchana kutwa. Ezeka kwa makuti, nyasi, au mikeka kama ile ya nyumba za Kisomali. Usiezeke kwa mabati ya chini chini, kwa kuwa mabati hushika moto na kuushusha juu ya mgongo wa mnyama.

4. Ndani ya kivuli tengeneza pango. Chukua mtungi uliovunjika ukaufukia nusu, au chimba shimo, ukalifunika kwa mbao na udongo wa kutosha. Udongo huzuia joto la mchana na baridi ya usiku. Mlango wa pango uelekee mahali ambapo jua la mchana halifiki.

5. Weka sinia pana la maji yenye kina cha sentimita 3 au 4, kivulini. Kobe aweze kuingia na kutoka kwa miguu yake. Maji yabadilishwe kila siku, maana kobe hunywa humo na kuchafua humo.

6. Kabla hujamtia ndani, pima ardhi kwa mkono. Weka kiganja chako juu ya mchanga saa saba mchana, sehemu ya jua na sehemu ya kivuli. Ikiwa huwezi kuvumilia hata ukihesabu hadi tano, hapo hapamfai kobe. Sehemu ya kivuli iwe ya kuvumilika siku zote. Ukiwa na kipimajoto, kilaze chini ardhini, usikitundike ukutani, kwa sababu kobe hutembea chini, na hewa ya ukutani si hewa yake.

SAA ZA KOBE

Siku ya kobe wa Garissa huenda hivi. Kati ya saa moja na saa tatu asubuhi hutoka kuota jua, ananyoosha shingo na miguu. Huo ndio wakati wa kumpa chakula. Kadiri saa nne inavyokaribia huanza kurudi kivulini, na hukaa humo mpaka saa kumi alasiri. Jua likipungua ukali hutoka tena kula kidogo, na saa kumi na mbili huingia kulala.

Usimtoe pangoni saa sita mchana kuwaonyesha wageni. Wala usimwache na taa inayowaka usiku kucha: giza la usiku ni haki yake kama mwanga wa mchana.

Majira ya mvua, mawingu yakikaa siku tatu au nne, usiwe na wasiwasi. Mionzi hupita katika mawingu kiasi, na kobe mzima ana akiba. La kuangalia wakati huo ni unyevu: pango likiingia maji, mhamishe mahali pakavu siku hiyo hiyo.

CHAKULA KINACHOFUATANA NA JUA

Jua peke yake halitoshi ikiwa hakuna chokaa ya kuingia mifupani. Kobe wa nchi kavu ni mla majani. Mpe nyasi mbichi na kavu, magugu ya shambani yasiyopuliziwa dawa, na majani ya mboga. Wakulima wa kando ya Tana wanaolima tikiti maji waweza kumpa ganda la tikiti mara moja moja, lakini matunda matamu yasiwe chakula chake cha kila siku, maana huharibu tumbo. Saga maganda ya mayai yaliyochemshwa, ukanyunyize unga wake juu ya majani mara mbili kwa juma.

Usimpe ugali, mkate, wali, maziwa wala nyama. Hivyo ni vyakula vya mwenye nyumba.

KATIKA NCHI ZA JUU

Mtu wa Garissa akihamia Nairobi, Limuru au Nyahururu aona tofauti upesi. Mwezi wa Julai, Nairobi yenye kimo cha mita 1,700 hivi, huwa na mawingu siku nyingi na usiku wa baridi. Kobe aliyezoea nchi kame hapo huteseka.

Mchana wa jua atoke nje kama kawaida, maana jua la huko nalo lina nguvu. Usiku na siku za mawingu akae katika sanduku kavu la mbao lililofungwa vizuri, lenye majani makavu. Upande mmoja wa sanduku huwekwa balbu ya joto au kipashajoto cha udongo kisichotoa mwanga, kilichofungwa juu kwa waya imara na kuzungushiwa wavu, kobe asikiguse na majani yasishike moto. Upande wa pili uachwe bila joto. Kobe mwenyewe atachagua. Katika ufugaji wa kobe hakuna kanuni iliyo kubwa kuliko hii: mpe mahali pa moto na mahali pa baridi, kisha umwachie yeye uamuzi.

KWA WALIO NG'AMBO

Wako ndugu wengi wa North Eastern waliofanya makao Minneapolis, Toronto, London na Oslo. Katika baadhi ya nchi hizo watoto hufuga kobe wa maji wenye alama nyekundu nyuma ya macho, ambao asili yao ni Marekani. Watoto hao hupiga simu nyumbani na kuuliza, kwa kuwa wadhani mtu wa Garissa ajua habari za kobe. Jibu lao ni hili.

Katika nchi hizo, wakati wa baridi, jua hupita chini sana hata UVB inayofika ardhini ni kama haipo. Tena kobe yumo ndani, nyuma ya kioo. Hapo taa ni lazima, na zahitajika kazi mbili: taa ya joto, na taa ya UVB iliyotengenezwa kwa ajili ya watambaazi.

Taa ya joto ielekezwe juu ya jiwe au ubao mkavu ulio nje ya maji, mahali pa kuota, hata pafike digrii 30 hadi 33. Maji yawe digrii 24 hadi 27. Taa ya UVB iwe juu ya mahali hapo hapo, umbali ulioandikwa na mtengenezaji, bila kioo wala plastiki katikati. Ziwake saa 10 hadi 12 kila siku, kisha zizimwe. Na jambo linalosahauliwa zaidi: taa ya UVB huchoka kabla ya kuzimika. Baada ya miezi 6 hadi 12 bado yaonekana inawaka vizuri, lakini ile mionzi isiyoonekana imepungua sana. Andika tarehe ya kununua juu ya taa yenyewe, na ibadilishwe kwa wakati.

Usitumie jiwe la umeme linalopata moto chini ya tumbo. Kobe ameumbwa kupokea joto kutoka juu, mgongoni. La tumboni humwunguza naye asitambue upesi. Na kila amshikaye anawe mikono kwa sabuni, kwa sababu kobe hubeba vijidudu vya salmonela. Marekani ilipiga marufuku mwaka 1975 kuuza kobe wadogo wasiofika inchi 4, kwa kuwa watoto wengi waliugua.

MFANO WA PWANI

Atakaye kuona kobe waliotunzwa kwa jua tupu na aende pwani. Katika kisiwa cha Changuu, karibu na mji wa Unguja, wako kobe wakubwa ambao asili yao ni wale walioletwa kutoka Ushelisheli mwaka 1919. Na pale Haller Park, Bamburi, ndipo alipotunzwa Mzee, kobe mkubwa wa Aldabra aliyejulikana dunia nzima baada ya mawimbi ya tsunami ya Desemba 2004. Mtoto wa kiboko aliyeokolewa Malindi, akapewa jina la Owen, alimshika kobe huyo kama mama yake, akilala ubavuni pake.

Katika mahali hapo pote pawili kobe hawakukuzwa kwa taa wala kwa sanduku la kioo. Wana uwanja, miti, maji, na uhuru wa kutembea kutoka juani kwenda kivulini.

DALILI ZA KUANGALIA

Gamba laini, au taya lililopinda: amekosa UVB na chokaa. Kwa kobe mchanga hii ni hatari kubwa.

Kamasi, mapovu puani, kupumua kwa kinywa wazi: amekaa katika baridi au unyevu.

Povu kinywani, mate kulowesha shingo, kukimbia huku na huku kisha kulegea: joto limezidi. Mpeleke kivulini mara moja, umloweshe kwa maji ya kawaida, yasiwe ya barafu.

Macho kuvimba na kutokula kwa juma zima wakati wa joto: ni mgonjwa. Mwite daktari wa mifugo.

UKIMKUTA PORINI

Sasa twamrudia yule mtoto mchungaji, kwa maana katika nchi yetu kobe wengi hawafi ndani ya ua wa mfugaji bali katika katoni lake. Mweleze mambo matatu.

La kwanza, usimwinue kobe kiangazi bila sababu. Kobe wa nchi kame hana kisima. Maji yake ya miezi ya ukame huyaweka katika kibofu. Akishtuka huyamwaga yote kwa hofu. Katika mwaka kama ile ya 2020 hadi 2023, mvua ilipokosekana misimu mitano mfululizo, kumwinua kobe kwa mchezo ni kumnyang'anya mtungi wake wa mwisho.

La pili, ukimkuta barabarani, kama barabara kuu ya Garissa kwenda Mwingi, mvushe taratibu, karibu na ardhi, umweke upande ule ule alioelekea. Ukimrudisha alikotoka ataanza safari upya mbele ya malori.

La tatu, ikiwa amekwisha kuletwa nyumbani leo, mrudishe leo, jioni jua likipoa, mahali pale pale alipookotwa, chini ya kichaka. Ikiwa amekaa kwako siku nyingi, au ameumia, usimtupe tu porini. Peleka habari katika ofisi ya KWS iliyo karibu, na wakati wa kungoja umweke katika kivuli chenye upenyo wa jua la asubuhi, pamoja na sinia la maji.

Ndugu msomaji, mwulize mwanao leo kama kuna katoni chini ya kitanda. Ikiwa limo, litoe nje kabla usiku haujaingia.